Nani Alimtuma Masala Kulangwa?

Mtama ukishapurwa na kupepetwa, makapi hurundikwa pembeni mwa uwanja, na watoto wa Songwa hawasubiri kuambiwa. Hulirukia lile rundo, wakazama mpaka kiunoni, wakatoka wakijikuna mwili mzima. Nilikuwa mmoja wao. Jioni moja bibi yangu alitutazama tukijifukia, akasema kwamba humo ndimo alimojificha mama yake Masala. Hakuongeza neno. Usiku moto ulipokolea ndipo akatusimulia yote, na alipomaliza nikamuuliza swali ambalo nadhani watoto wengi wa Usukuma wamewahi kuliuliza: nani alimtuma yule kijana kwenda kumwua zimwi?

"Hakuna aliyemtuma," bibi akajibu. "Aliuliza, akajibiwa."

Songwa ipo Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Wageni hulijua jina hilo kwa sababu ya bwawa. Sisi tuliozaliwa huku tunazijua pia mbuga zake za udongo mweusi, pamba yake, na mvua inayokuja ikiamua. Ni nchi ya mtama na ng'ombe, na kisa cha Masala Kulangwa kimejaa mtama na ng'ombe. Nakiandika leo kwa sababu vijana wengi sasa wanatunga hadithi ndefu za ajabu katika simu zao, zenye falme, majoka na mashujaa walioteuliwa tangu tumboni, na karibu wote wanakwama mahali pamoja. Shujaa ameshateuliwa, alama anayo mkononi, mzee mwenye ndevu ameshamweleza utabiri, lakini hataki kwenda. Wafanye nini ili anyanyuke?

Wazee wa Usukuma walilitatua jambo hilo zamani sana.

Kisa chenyewe, kwa wasiokijua, ni hiki. Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote ya dunia. Akasalia mwanamke mmoja mwenye mimba, aliyejificha katika rundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa. Masala ni akili, kulangwa ni kufundishwa. Wenyewe hulifafanua jina hilo kuwa mwerevu anayeelewa upesi. Mtoto akakua. Siku moja akamuuliza mama yake kwa nini wako wawili tu, na watu wengine wako wapi. Mama akamweleza ukweli: wote walimezwa.

Tangu siku hiyo kijana akaanza kusaka. Akaua panzi, akarudi nyumbani akiimba kwamba amelimaliza zimwi. Mama akamwambia huyo ni panzi, wakamchoma wakamla. Akaua ndege, akarudi akiimba. Mama akamwambia huyo ni ndege. Ikawa hivyo kwa swala na kwa mnyama mkubwa zaidi, kila mara wimbo uleule, kila mara jibu lilelile, mpaka siku alipokutana na Shing'weng'we mwenyewe, akampiga mshale, akampasua. Akatoka baba yake, wakatoka ndugu, majirani, ng'ombe na mbuzi.

Msikilizaji mwenye haraka huona sehemu ya panzi na ndege kuwa ya kuchekesha watoto, akatamani ifupishwe ili zimwi lifike. Kwangu mimi, hiyo ndiyo roho ya kisa. Mtazame mama. Angeweza kumcheka mwanawe kwa kudhani panzi ni zimwi. Angeweza pia kumdanganya, amwambie ndiyo, umemaliza, kaa nyumbani. Na mama gani asingetamani kusema hivyo, akiwa na mtoto mmoja katika dunia nzima? Hakufanya lolote kati ya hayo. Anakitaja kitu kwa jina lake, anawasha moto, wanakula. Kesho yake kijana anatoka tena, mkono ukiwa mzito kidogo kuliko jana, jicho likilenga vizuri zaidi. Hajapewa hotuba hata moja kuhusu wajibu.

Tena kuna ugumu mwingine ambao wasimulizi wetu waliupanga kwa makusudi. Masala hajawahi kumwona mtu yeyote isipokuwa mama yake. Baba hamjui, hana rafiki aliyepotea, hana kijiji anachokikumbuka. Utamtoaje kijana nyumbani akahatarishe roho kwa ajili ya watu ambao hajawahi kuwaona? Waliotunga kisa hawakumpa utabiri wala upanga uliorithiwa kutoka kwa babu. Walimpa uwanja mtupu. Wakamwacha akue ndani ya utupu ule, aone vinu visivyotwangwa na njia zilizoota nyasi, mpaka swali limtoke mwenyewe.

Mbele ya moto mmoja

Kisa hiki kina ndugu, na mmoja wao alitangulia kuingia kitabuni. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha mjini London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Zanzibar, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo mna kisa cha Sultani Majinuni na paka wake. Paka anakula mfugo mmoja, watu wanalalamika, sultani anasema paka ni wake na mfugo ni wake. Paka anaendelea na mifugo mikubwa zaidi, jibu ni hilohilo. Anaanza kula watu, sultani bado ana maneno. Paka akishawala wana wa sultani mwenyewe ndipo baba anafumbuka macho, na kufikia hapo yule si paka tena, ni nunda mla watu.

Anayekwenda kumsaka ni kitinda mimba. Naye anapita njia ileile ya Masala: anaanza na mbwa, anapanda mnyama kwa mnyama hadi tembo, kila mara akirudi kwa wimbo, kila mara mama akimjibu kwamba huyo bado si nunda. Mskochi Andrew Lang aliichukua hadithi hiyo na kuitia katika kitabu chake cha ngano cha mwaka 1901, na watoto wa Uingereza wakailalia kama wanavyolalia ngano zao.

Mtu asishangae kwamba moto wa Unguja na moto wa Kishapu vilipika chungu kimoja. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walishuka pwani kwa maelfu, pembe za ndovu begani, wakalala Bagamoyo, wakarudi na vitambaa, shanga na maneno. Safari ile ilichukua miezi. Watu waliolala njiani usiku baada ya usiku wasingeweza kunyamaza.

Mwaka 1933 Alice Werner, aliyefundisha Kiswahili London, alitoa kitabu kuhusu visasili vya Wabantu, na zimwi linalomeza watu akalipa nafasi yake, kwa sababu alilikuta kila upande wa bara hili. Kule kusini, Wasotho wana Senkatana, ambaye S.M. Mofokeng alimwandikia tamthilia mwaka 1952. Naye alizaliwa baada ya kila mtu kumezwa, naye akalipasua zimwi. Lakini Wasotho wanamalizia kwa uchungu: Senkatana anauawa na watu walewale aliowatoa tumboni. Kisa chetu ni cha upole zaidi, ingawa nacho kina jeraha lake, nami nitalifikia.

Wito na kukataa

Dunia nyingine imezoea mpangilio tofauti. Kwanza anakuja anayeita, kisha mteule anakataa. Musa anasema ulimi wake ni mzito, na Mungu anamwongezea Haruni. Yona, ambaye Waislamu wanamjua kama Nabii Yunus, anapanda jahazi la kwenda kinyume na alikotumwa, mpaka samaki anammeza na kumtapika pwani; huyo amejifunza safari yake ndani ya tumbo. Mwaka 1937 Mwingereza Tolkien akatoa hadithi ya Bilbo, mtu mfupi anayependa birika lake la chai na kiti chake, ambaye mchawi anamchagulia safari asiyoiomba. Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell akalinganisha ngano za mataifa mengi, na kule kukataa wito akakupa hatua yake maalumu mwanzoni mwa safari ya shujaa.

Tangu hapo kukataa kumekuwa kama kanuni kwa waandishi wengi, na kanuni ikazaa mazoea mabaya. Mteule akikataa sura ya pili, sura ya tatu kijiji kinachomwa moto na mama anakufa. Nimesoma hadithi kadhaa za vijana wetu zenye mpangilio huo, na kila mara nimeumia, kwa sababu naona kitu kizuri kikitupwa. Mwandishi anayemwua mama ili mwana aamke amemwondoa mtu pekee aliyeweza kumjibu mwana. Hasira inaweza kumnyanyua shujaa siku moja. Siku ya panzi, siku ya ndege, siku ya kurudi na mnyama asiye sahihi kwa mara ya nne, inahitaji mtu aliyebaki nyumbani anayejua tofauti kati ya swala na zimwi. Mama yake Masala anaishi mpaka mwisho wa kisa, na mwanawe anapotawazwa kuwa mtemi, yaani mtawala, naye anapewa heshima ya mama wa mtemi.

Kisa hiki kimetunzwa sana na watu wa dini, na tuwape haki yao. Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, padri David Clement wa Wamisionari wa Afrika alianza katika miaka ya 1950 kuzikusanya ngoma, zana na visa vya Wasukuma, na leo pale pana makumbusho yao. Huku kwetu Shinyanga, Ndoleleji, padri Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll alikaa miaka mingi na makatekista na wazee akiandika methali na hadithi za Kisukuma. Pamoja na padri Joseph Healey alitoa mwaka 1996 kitabu cha teolojia iliyojengwa juu ya masimulizi ya Kiafrika, ambamo Masala Kulangwa anasomwa kama mfano wa Kristo, na Shing'weng'we kama nguvu ya uovu na mauti. Mwana aliyezaliwa mahali pa unyonge, anayewatoa watu gizani. Mtu wa Kishapu aliyeisikia Injili kwa njia hiyo hakuisikia kama mgeni. Mimi nalipenda somo hilo, ila moyo wangu hurudi kwa panzi.

Kiti chenye miiba

Kuna sababu nyingine kwa nini Wasukuma walikuwa wajuzi wa mteule. Waliishi naye. Mtemi hakuwa lazima mtoto wa mtemi aliyefariki. Kwa desturi ya zamani alitafutwa katika ukoo wa kike, kwa kawaida mwana wa dada. Waliomtafuta ni banang'oma, na waganga walisoma matumbo ya kuku kabla jina halijatajwa. Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, aliandika mwaka 1951 kitabu kizima kuhusu mazishi, uchaguzi na kutawazwa kwa mtemi. Aliyechaguliwa alivikwa ndezi, kipande cha kombe la baharini, na tangu siku ile mvua ikawa juu yake. Isiponyesha, macho yote yalimgeukia. Mtemi aliyeshindwa na mvua aliweza kufukuzwa.

Ukikaa na habari hiyo kidogo, utaacha kumlaumu kijana aliyesita siku ya kuitwa. Kusita kwake hakukuwa woga wa kitoto. Alijua hesabu ya kiti kile.

Katika wilaya hiihii ya Kishapu kuna Ukenyenge, makao ya utemi wa Busiya. Mwaka 1945 Kidaha Makwaia, aliyezaliwa 1922 na kusomea Makerere, alirithi kiti cha baba yake akiwa na miaka 23 hivi. Mwaka huohuo yeye na Mangi Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Fikiria mzigo huo: wazee wa Busiya wanatazama mawingu na kumtazama yeye, gavana wa Dar es Salaam anamtazama kama sauti ya watu weusi wote wa magharibi. Alikwenda Uingereza kusoma zaidi, akaingia Ukatoliki kwa jina la David, akakaa katika Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953 hadi 1955. Na mwaka 1954 akauacha utemi.

Wapo wanaolihesabu tendo lile kuwa kushindwa. Silioni hivyo. Hadithi za wateule zinajua namna mbili tu za kukataa: kabla ya kuanza, au kamwe. Mtu aliyebeba miaka tisa, akapima, kisha akakiweka kiti chini kwa mkono wake mwenyewe, anastahili hadithi ya peke yake, na bado sijaiona mtu akiitunga. Mwaka 1963 serikali ya uhuru ikaufuta utemi kisheria nchi nzima. Neno la makao ya mtemi, ikulu, ndilo lililosafiri kutoka bara kwenda Dar es Salaam, likakaa katika lango la Rais.

Wa pwani wana Kinjeketile. Mtu wa Ngarambe aliyetoa maji ya vita, akanyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vichanga. Ebrahim Hussein alipomwandikia tamthilia mwaka 1969 alifanya jambo la ujasiri: akampa mteule shaka. Kinjeketile wa jukwaani anaanza kuliogopa neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe, anataka kuchelewesha vita, na watu ndio wanaomsukuma. Hapo shujaa haburuzwi na mchawi wala malaika. Anaburuzwa na tumaini la wengine, na huo ni msukumo mkali kuliko yote niliyoitaja, na wa hatari kuliko yote.

Tumboni mwa Nyangarata

Mtoto wa ukanda huu, kuanzia Mwadui na Maganzo kupitia Kahama mpaka Geita, haelezwi mara mbili kwamba ardhi ina tumbo. Baba na kaka hushuka duarani, ndani ya shimo la machimbo. Wengine hurudi, wengine hawarudi.

Oktoba 2015, katika machimbo ya dhahabu ya Nyangarata, wilayani Kahama, duara liliporomoka na kuwafunika wachimbaji. Siku zikapita, familia zikaanza kuzungumza kwa sauti ya matanga. Wachimbaji wenzao wakasikia sauti kutoka chini. Baada ya siku 41, watu watano wakatolewa wakiwa hai, wamedhoofu, wakiwa wameishi kwa mizizi, wadudu na vyura na maji yaliyodondoka miambani. Siku ile redio ilipotangaza, nilikuwa nyumbani na jamaa zangu, na hakuna aliyehitaji kulitaja zimwi kwa jina. Sote tulikuwa tumeshaisikia habari ya watu kutoka tumboni.

Nimewawaza mara nyingi wale waliochimba kuelekea ile sauti. Hakuna aliyewateua. Hapakuwa na alama mkononi mwa mtu. Wao pia, kama Masala, walikuwa watu wa kutoka asubuhi na kurudi jioni na panzi: kiroba cha mawe, vumbi la karasha, chembe ya dhahabu ambayo haikutosha. Miaka ya kazi ile ndogo ndiyo iliyowafundisha udongo upi unashika na upi unaanguka. Sauti ilipokuja, walikuwa tayari wanajua pa kuweka sururu.

Basi kijana unayetunga, aliyeketi sasa hivi na simu yako Kolandoto au Katoro, mteule wako amekaa mlangoni na hataki kuondoka. Usimchomee nyumba. Mwondolee kitu kimoja duniani ambacho hajui kwamba hakipo, kisha mngojee aulize. Akiuliza, awepo mtu wa kumjibu bila kumdanganya. Akirudi na panzi, wapikie.

Nilisema kisa chetu kina jeraha. Masala alipolipasua zimwi mgongoni, kisu kilikata sikio la bikizee mmoja aliyekuwa ndani. Watu wote wanacheza na kushangilia, yeye anamtukana. Anataka hata kumroga. Rafiki zake kijana wakamlinda, lakini Masala hakutegemea ulinzi huo. Akaenda kutafuta dawa.

Bibi alipofika hapo sauti yake ilishuka. Alikuwa akishika sikio lake la kushoto kwa vidole viwili, akituonyesha dawa ilivyopakwa, taratibu, kuanzia juu kuja chini, na sisi sote pale motoni tukiwa tumeshika ya kwetu, makapi bado yamenasa nyweleni. Hapo alikaa muda mrefu. Habari ya kiti cha utemi alichopewa Masala aliitaja mwishoni kabisa, kwa maneno machache, akiwa ameshaanza kuvuta magogo nje ya moto.